Mikate Iliyovuka Reli

Asubuhi ile moshi haukuonekana upande wa chini ya reli, na wa kwanza kuukosa alikuwa Mzee Hamira.

Alisimama uani kwake, unga umemjaa mikononi hadi viwikoni, akingoja tanuri lishike moto sawasawa. Kila alfajiri, kabla ya kuingiza trei ya kwanza, alikuwa na mazoea ya kutupa jicho ng'ambo, juu ya mapaa ya mabati, kuona kama tanuri la pili limeshawashwa. Hakumwambia mtu habari hiyo. Siku ambazo moshi wa chini ulitangulia, alisonya akaongeza kuni. Siku ambazo wake ulitangulia, alipiga mluzi mpaka mikate ikaiva. Ndiyo mazungumzo pekee yaliyobaki kati yake na mwenye tanuri lile, mtu aliyeitwa Chumvi.

Zamani walikuwa na tanuri moja. Hamira na Chumvi: majina hayo walipewa na wateja, wakati wote wawili walipokuwa vijana wembamba wanaokanda unga kifua wazi, huyu akitunga maneno ya kuchekesha, yule akiyaimba. Watu wa juu ya reli na watu wa chini ya reli walipanga foleni moja mlangoni pao. Walichumbiana kwenye foleni ile, wakasuluhishwa pale, wakaazimana sukari pale, na treni ya asubuhi ilipopiga honi kila mtu alijua mikate ya pili iko tayari. Mpaka leo Mzee Hamira aliweza kufumba macho akamsikia Chumvi akigombana na gunia la unga lenye unyevu kana kwamba ni mtu: "Wewe nawe, unakuja kazini umelowa!"

Kisha likaja kofi. Lilipigwa kwenye harusi ya binti wa Chumvi mwenyewe, mbele ya pande zote mbili. Kaka yake Hamira, mwalimu aliyejulikana kama Bwana Miwani, alikuwa na ulimi usiojua kupumzika. Alitania kwa sauti, wakwe wapya wakisikia, kwamba Chumvi huonja unga kwa kidole kilekile anachojikunia. Chumvi akainuka, akamzaba. Miwani ikaruka, ikatua ndani ya bakuli la mchuzi, na watu wakacheka.

Laiti wasingecheka, pengine yangeishia pale. Lakini walicheka, na baada ya hapo kila upande ulikuwa na aibu yake ya kutunza. Chumvi akajenga tanuri lake chini. Hamira akabaki juu. Kaka ni kaka. Wa juu wakaacha kuzika wa chini, wa chini wakaacha kuoa juu. Miaka ilipopita na Bwana Miwani akafariki kwa maradhi ya figo, mtaani walisema ameuawa na lile kofi. Mjane wake akahamia kwa shemeji yake Hamira, na hakuna mtu aliyejisumbua kuwasahihisha.

"Mzee," mkewe aliita kutoka mlango wa jikoni, "muuza maziwa yuko hapa. Njoo umsikie mwenyewe."

Muuza maziwa ndiye mtu pekee aliyevumiliwa na pande zote, kwa hoja kwamba ng'ombe wake wanalala chini na kula majani juu. Leo alikuwa amevua kofia.

"Chumvi hatunaye," alisema. "Jana jioni. Alisema amechoka, akaegemea ukuta. Basi."

Mzee Hamira akajipangusa mikono kwenye aproni, akajipangusa tena, ingawa ilikuwa imeshatakata.

"Wanazika lini?"

"Leo alasiri. Watu wamejaa tangu jana." Muuza maziwa akasita. "Ila ni aibu, mzee wangu. Msiba wa muoka mikate, na watu wanakunywa chai kavu. Tanuri limezimika, watoto wake hawana hata nguvu ya kulitazama, na kwako hawawezi kuja kununua."

Mke alimtazama mumewe. Aliona shavu lake likicheza, kama lilivyocheza siku walipomzika kaka yake.

"Mama," Mzee Hamira alisema, "unga tulio nao unatosha trei zote?"

"Unatosha," mkewe alijibu. "Nimeshauchekecha."

* * *

Habari zilimfikia mjane wa Bwana Miwani kabla hajanawa uso. Alitoka chumbani amejifunga kanga vizuri, kama mtu anayekwenda kuonana na wageni, akakaa kwenye kiti chake sebuleni na kumwita shemeji yake.

"Nimesikia mnaoka mikate ya msiba."

"Ndiyo, shemeji."

"Msiba wa mtu aliyemdhalilisha kaka yako."

"Msiba wa Chumvi, shemeji."

"Si ndiye huyohuyo?"

"Ndiye. Na ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali siku nilipoungua mguu. Kaka alikuwa nyuma yetu, amebeba kiatu changu, analalamika kwamba kinanuka."

Mjane alikaribia kutabasamu, akajizuia.

"Sikatai mlikuwa marafiki. Mimi nilikuwapo. Nani aliyewapikia uji nyie watatu? Lakini nifikirie na mimi kidogo. Nikipita mtaani watu wananipisha. Kwenye harusi napewa kiti cha mbele. Bombani sipangi ndoo. Unadhani ni kwa uzuri wangu? Ni kwa sababu ya lile kofi. Mume wangu hakuniachia nyumba wala shamba, aliniachia lile kofi. Ukivuka reli na mikate yako, kesho mimi ni nani? Kizee kinacholala chumba cha nyuma kwa shemeji yake."

"Humu ndani hakuna anayekuita kizee cha chumba cha nyuma, dada," alisema mke wa Hamira.

"Humu ndani, sawa. Nasema huko nje."

Kabla mtu hajamjibu, fundi viatu alibisha hodi na kuingia kwa mkupuo mmoja. Huyu ndiye aliyekuwa msemaji wa watu wa juu katika mambo ya heshima. Hakuchaguliwa na mtu. Siku moja alianza kusema, wengine wakanyamaza, ikawa desturi. Alimwinamia mjane kwa adabu zote, kisha akageuka.

"Mzee Hamira, harufu imefika mpaka kibandani kwangu. Hiyo mikate yote ni ya nani?"

"Ya wafiwa."

"Wafiwa wa wapi?"

"Unajua ni wa wapi."

"Mzee, sisi tunakuheshimu. Tumekula mkate wako tangu hatujaota meno ya pili. Lakini tusikilizane. Mkate mmoja ukivuka reli, hapa hatutanunua tena hata ganda. Na si mimi ninayesema. Ni mtaa."

"Mtaa umekutuma lini? Jua ndiyo kwanza linachomoza."

"Heshima ya mtaa haingoji mtu atumwe."

Mke wa Hamira alikuwa amesimama na birika mkononi. "Na hiyo heshima ya mtaa," aliuliza kwa upole, "inakunywa chai au inaondoka?"

Fundi viatu akaondoka.

Mzee Hamira hakuwa shujaa. Alirudi uani, akakaa juu ya gunia tupu na kuangalia mikono yake. Kazi nyingine hakuijua. Akilini aliona rafu za duka lake zimejaa mikate inayokauka, aliona mlango wake unapitwa na watu aliowajua kwa majina ya babu zao. Alimwona na shemeji yake, akichota maji mwisho wa foleni.

"Naogopa, Mama," alisema.

"Ogopa," mkewe alimjibu, "lakini uogope huku unatoa mikate. Itaungua."

* * *

Waliipanga mikate kwenye mkokoteni, wakaifunika kwa shuka jeupe. Mzee Hamira alivaa suti aliyoivalia harusi yake mwenyewe, ambayo sasa ilikataa kufungwa vifungo. Mlango wa chumba cha mjane ulikuwa umefungwa. Aligonga, akasema, "Shemeji, tunakwenda." Hakujibiwa.

Hakuna aliyewarushia jiwe wala tusi. Mtaa ulifanya jambo moja tu: uliwapa kisogo. Wanawake waliokuwa wakianua nguo waligeukia ukuta. Wacheza bao walisimama wakageuza migongo, wakakaa upya. Kinyozi alikizungusha kiti chake na mteja akiwa ndani, nusu kichwa kimenyolewa, nusu bado, ili hata mteja asije akawaona. Wakati mwingine wowote Mzee Hamira angecheka. Siku ile alitazama gurudumu la mbele na kusukuma.

Relini mkokoteni ukanasa. Walihangaika nao, yeye akivuta, mkewe akisukuma kwa bega, huku watu wa juu wakitazama nyuma yao na watu wa chini wakitazama mbele yao, na pande zote mbili hakuna aliyenyoosha mkono. Mkate mmoja ulidondoka kwenye kokoto. Mkewe akauokota, akaupuliza vumbi, akautia mfukoni mwa aproni. "Huu ni wetu," alisema.

Nyumbani kwa marehemu viti vilijaa mpaka barabarani. Maongezi yalikatika. Mtoto mkubwa wa Chumvi, mtu mzima sasa, fundi magari mwenye mabega ya baba yake, alikuja akasimama mbele ya mkokoteni.

"Mmebeba nini?"

"Mikate, mwanangu. Pole sana."

"Hatukuagiza mikate."

"Najua. Nimeileta tu."

"Miaka yote hii mtu akifa huku hamuonekani. Leo baba amelala ndani ndiyo huruma imewashika? Mnataka kwenda kusema huko juu kwamba mzee Chumvi amekufa na nyumbani kwake watu wamelishwa na nyinyi? Baba alikuwa muoka mikate, mzee. Hatazikwa kwa mkate wa mtu mwingine. Rudisheni."

Kijana alikuwa amesema sawasawa maneno ambayo Mzee Hamira mwenyewe angeyasema katika umri ule. Hakurudi na hakwenda mbele. Alibaki amesimama juani, jasho likimshuka ndani ya ile suti, mbele ya watu waliokaa kivulini wakinywa chai kavu, na hakuna aliyemsogezea hata kigoda. Baadhi ya wale wazee aliwatambua. Mmoja alimfundisha kuendesha baiskeli. Mzee yule aliinamisha macho ndani ya kikombe chake.

"Tusimame tu," mkewe alinong'ona. "Watachoka kututazama."

Sauti ya mwanamke ikauliza kutoka ndani, "Nani huyo mnayemuweka juani?" Mke wa marehemu alitoka ameshikwa mikono na binti zake. Alikuwa amezeeka kuliko Mzee Hamira alivyotegemea. Ndani ya kichwa chake alikuwa bado yule msichana wa kwanza kwenye foleni, aliyekuwa akinunua mkate mmoja mmoja mara tatu kwa asubuhi ili apate sababu ya kurudi. Hakumsalimu. Alifunua shuka, akachukua mkate, akaugeuza, akaubonyeza kwa kidole gumba.

"Bado tanuri lako linaunguza upande wa kushoto," alisema.

Mzee Hamira akautazama ule mkate.

"Alikuwa akisema hivyo kila siku. Kila alfajiri anasimama pale uani, anaangalia moshi wako. 'Yule ameshindilia kuni kushoto tena, mbishi yule, nilimwambia tangu zamani.' Siku ulizochelewa kuwasha alikuwa hatulii. Ananiuliza, 'Hivi atakuwa anaumwa?' Namwambia, nenda ukaulize. Ananiambia, 'Nitaendaje, mimi ndiye niliyepiga.'"

Hapo Mzee Hamira alilia. Alilia kwa sauti, kilio kibaya cha mtu mzima asiyezoea kulia, amejishikilia kwenye ubao wa mkokoteni. Mke wa marehemu alimwacha alie, akamgeukia mwanawe.

"Watu wanakunywa chai kavu nyumbani kwa baba yako, na wewe umeziba njia. Unalinda nini hapo?"

"Mama, heshima ya mzee..."

"Mzee alikuwa anaoka mikate. Heshima yake ilikuwa watu wale washibe. Ingizeni."

* * *

Kaburini hawakumfukuza, lakini hawakumsahau pia. Jeneza liliposhushwa, sepetu ilianza kupita mkono kwa mkono, kila mwanaume akitupia udongo kidogo na kumpa wa jirani. Ilipofika kwa aliyesimama kushoto kwa Mzee Hamira, mtu yule aliipitisha mbele ya kifua chake na kumpa aliye kulia. Ilizunguka tena. Ikampita tena.

Mzee Hamira akapiga magoti. Aliuzoa udongo kwa mikono miwili, akaushusha taratibu, akauzoa tena. Mikono ile iliyozoea unga iliuvunja udongo ulioshikana madonge na kuulainisha kwanza, ndipo ikauachia. Hakuwa akimwonyesha mtu. Alikuwa akimwambia mwenzake maneno ambayo waliosimama karibu hawakuyasikia vizuri, isipokuwa neno "kushoto".

Sepetu ilikuwa imefika kwa mtoto mkubwa wa marehemu. Alisimama nayo muda mrefu, kisha akazunguka kaburi, akamshika mzee kwapani.

"Inuka, mzee," alisema. "Suti yako itachafuka."

Akampa sepetu.

* * *

Wakati huohuo, juu ya reli, mjane wa Bwana Miwani alikuwa amefungua duka.

Hakuwa amekusudia. Alitoka chumbani kutafuta maji, akaona mikate ya mtaa ipo kwenye rafu na mlango umefungwa, na mazoea yakamshika. Alikaa nyuma ya meza, mikono juu ya mapaja. Hakuna aliyekuja kununua. Walikuja kumpa pole. Fundi viatu alikuja nao, kama watu saba au wanane, akasimama mbele ya meza.

"Mama yetu, umeona walivyokufanya," alisema. "Leo wametuzaba kofi la pili. Lile la kwanza tulizabwa sote, na hatujalisahau."

Mjane alimwinulia macho.

"Ulizabwa na wewe?"

"Sote, mama. Mtaa mzima."

"Shavu gani?"

Fundi viatu akacheka kidogo, akidhani ni mzaha, akaona si mzaha.

"Nakuuliza shavu gani, kwa sababu mimi ndiye niliyemkanda mume wangu kwa maji ya moto usiku ule, na lilikuwa shavu moja tu, na lilikuwa lake. Na nakumbuka kitu kingine. Nakumbuka miwani ilivyoanguka kwenye mchuzi. Nakumbuka nani alicheka mpaka akashika meza. Ulikuwa umevaa shati la bluu."

Mtu mmoja nyuma alikohoa.

"Mama, nilikuwa kijana..."

"Mume wangu aliumia shavu siku moja. Kicheko kilimuuma mpaka anakufa. Alikuwa akikutaja." Akavuta mkate mmoja, akauweka mezani. "Basi. Hapa ni dukani. Nunueni au nipisheni, mnanizibia mwanga."

Wakampisha.

* * *

Hamira na mkewe walimkuta bado amekaa pale jua linapozama, rafu zimejaa kama walivyoziacha. Mtaa ulikuwa umeshika neno lake, na ungelishika kwa muda mrefu kuliko walivyodhani. Baadhi ya wateja wangerudi mmoja mmoja, kwanza kwa kuwatuma wengine, halafu wenyewe. Kinyozi angerudi mapema, fundi viatu asingerudi kabisa. Wateja wa chini wangeanza kupanda taratibu, kwa haya, wakijifanya wamepita tu. Foleni ya zamani isingerudi tena. Waliokuwa vijana kwenye foleni ile walikuwa wameshakuwa wazee, na wengine walikuwa udongoni.

Lakini jioni ile hawakuyajua hayo. Walijua tu kwamba wana mikate mingi mno. Mke wa Hamira alichemsha chai, wakakaa watatu palepale dukani, mlango wazi.

"Alikuwaje marehemu?" mjane aliuliza bila kuinua macho.

"Amependeza," Mzee Hamira alijibu. "Utafikiri anazuia kicheko."

"Na mkewe?"

"Amezeeka."

"Sote," mjane alisema. Akachovya mkate kwenye chai, akala kimyakimya.

Mzee Hamira aliangalia kucha zake, ambazo bado zilikuwa na udongo. Swali lilimkaa kooni tangu asubuhi, na sasa hakuwa na nguvu ya kulizuia.

"Shemeji, niambie kweli. Kaka angekuwa hai, angenisamehe kwa nilichofanya leo?"

Mjane hakuharakisha. Alimaliza tonge lake, akapangusa makombo kwenye kanga.

"Angekuwa hai asingekubali umwache nyuma," alisema. "Angelalamika njia nzima. Jua kali, mkokoteni unapiga kelele, suti yako inatia aibu. Angefika pale angemsema yule maiti kwa ulimi wake ule mpaka watu watake kumtoa nje. Halafu angelia kuliko nyote."

Akanyoosha kikombe aongezewe chai.

"Lakini angekwenda. Yule mtu angekwenda."